Usukani Unaovuta Mkono: Maswali ya Wenye Mashua Ndogo za Kuendeshwa kwa Tanga, Huku Moshi na Arusha

Nimeandika haya kwa sababu nimechoka kujibu swali lilelile kwa ujumbe wa sauti nikiwa nyuma ya bodaboda. Mashua za tanga huku bara si nyingi, lakini kila mwaka mtu anaongezeka. Mmoja kaunganisha ya plaiwudi uani kwake Majengo, mwingine kanunua Laser, mashua ndogo ya tanga moja, iliyochoka huko mjini Tanga, akaipandisha Moshi juu ya fuso lililokuwa limejaa machungwa ya Muheza. Wengi huishia bwawa la Nyumba ya Mungu, na wakishakaa majini saa moja huniuliza kitu kimoja: mbona usukani unauvuta mkono wao wa kulia mpaka unauma?

Kabla hatujaanza: unatumia maneno ya pwani ambayo sisi wa mlimani hatuyajui. Yana maana gani?

Samahani, nimekulia Pangani. Maji ya Nyumba ya Mungu yanateremka hadi kwetu, maneno nayo yamepanda kinyume cha mto. Omo ni mbele ya mashua, tezi ni nyuma. Kana ni ule mti unaoushika kugeuza usukani. Demani ni kamba ya kuvutia na kulegezea tanga. Upande upepo unakotoka ni goshini. Upande wa pili, linakolalia tanga, ni demanini. Nikisema mashua "inapanda", omo inageukia upepo unakotoka. "Inashuka" maana yake inaupa upepo mgongo. Kubisha ni kwenda kwa pandepande ili ufike kule upepo unakotoka. Ubao wa kati ni ule unaoshushwa kupitia tumbo la mashua ili isiteleze kando kama sabuni kwenye sakafu.

Nikiachia kana, mashua inapanda yenyewe mpaka inasimama. Nimeuziwa mbovu?

Hapana. Umeuziwa yenye akili.

Chukua rula ya mwanao, iweke mezani, ibane katikati kwa kidole cha mkono wa kushoto, kisha isukume ubavuni kwa kidole cha kulia. Ukisukuma nyuma ya pale ulipobana, mbele ya rula inakugeukia wewe unayesukuma. Ukisukuma mbele ya pale ulipobana, inakukimbia. Kidole kinachobana ni maji yanayoushika ubao wa kati, usukani na tumbo la mashua. Kidole kinachosukuma ni upepo, na nguvu yake yote unaweza kuihesabu kana kwamba iko mahali pamoja, karibu na katikati ya eneo la matanga. Mahali hapo pakiwa nyuma kidogo ya pale maji yanapobana, mashua hupanda.

Tunataka ipande kidogo. Kwanza, ukiteleza ukaanguka ndani ya mashua na kuachia kila kitu, inageukia upepo, tanga linapigapiga, mwendo unakwisha. Pili, usukani uliogeuzwa kidogo husaidia ubao wa kati kuzuia mashua isiteleze kwenda demanini.

Kidogo ni kiasi gani? Nyuzi (digrii) 3 hadi 5. Pima kana yako kutoka kwenye ekseli ya usukani. Ikiwa na urefu wa mita 1, nyuzi hizo ni ncha yake kusogea sentimita 5 hadi 9 kutoka katikati. Mimi nimebandika vipande viwili vya solotepu nyekundu kwenye ubao wa tezi, kimoja kila upande, kuonyesha mpaka huo. Nikiwa nabisha, kana ikivuka solotepu najua kuna kitu cha kurekebisha. Ikifika sentimita 17 hivi, yaani nyuzi 10, usukani umegeuka breki na unakokota maji.

Mkono unauma. Usukani unavuta mpaka naushika kwa mikono miwili. Nianzie wapi?

Anza na makalio yako. Sitanii.

Mashua ikisimama wima, msukumo wa tanga unapita karibu na mstari wa katikati yake. Ikilala upande, mlingoti unatoka nje na kuning'inia juu ya maji ya demanini, na msukumo unaenda nao huko. Sasa inasukumwa mbele kwa nguvu iliyo nje ya mwili wake. Kamata mkokoteni kwa mkono mmoja kwenye mpini wa kulia tu, usukume, uone utaelekea wapi: kushoto. Ndivyo mashua iliyolalia demanini inavyopanda. Juu ya hapo, ubavu uliozama una tumbo zaidi ya ule ulionyanyuka, nao unaisukuma omo kwenye upepo.

Kwa hiyo kabla hujagusa kamba yoyote, sogea ukae ukingoni, egemea nje goshini, mashua inyooke. Mara nyingi usukani unakuwa mwepesi saa hiyohiyo, na mwenye mashua anacheka kwa aibu. Kama una mtu wa pili, mwambie naye atoke nje. Kaka aliyejikunyata katikati akirekodi video ni mzigo wa bure.

Jaribio: siku yenye upepo mwororo, peleka mashua mbali na nyavu, shika kana kwa vidole viwili tu bila kuigeuza. Jiegemeze goshini, mashua itashuka. Jiegemeze demanini, itapanda. Utaizungusha karibu duara zima kwa kiuno. Ukishalifanya hilo mara moja, hutaona tena usukani kama kitu pekee cha kugeuzia.

Nimenyoosha mashua, usukani bado ni mzito. Sasa?

Geuka nyuma uangalie bapa la usukani, ule ubao wake unaozama majini, kama limeshuka lote.

Hili nalisema kwa uchungu. Msimu wangu wa kwanza Nyumba ya Mungu niliamini kabisa kwamba mlingoti wangu uko nyuma mno. Nikarudi Moshi, nikatoboa sakafu ya mashua, nikatengeneza kiatu kipya cha mlingoti sentimita 12 mbele, nikapaka epoksi, nikangoja ikauke siku tatu. Nikashuka tena bwawani hadi ufukwe wa Lang'ata, nikatweka tanga, nikaondoka. Mkono ulikuwa unauma vilevile. Nikiwa narudi, kijana mmoja wa nyavu akanipita na mtumbwi wake, akaangalia nyuma yangu kwa utulivu. "Shikamoo mzee. Mbona usukani wako unaelea kama mkia wa bata?"

Kamba ya kushushia bapa ilikuwa imeteleza kwenye fundo. Badala ya kusimama wima majini, bapa lilikuwa limelala kuelekea nyuma. Bapa likilala hivyo, maji yanalisukuma mbali sana na ekseli yake, na mkono wako ndio unaolipa, hata kama mashua yenyewe imekaa sawa kabisa. Mashua inahitaji nyuzi zilezile 3 hadi 5, ila uzito mkononi unaongezeka mno. Ndiyo maana zile solotepu ni muhimu: zinakutenganishia mambo mawili. Kana ikiwa ndani ya alama lakini nzito, tazama bapa. Ikiwa nje ya alama, tazama matanga.

Alama ya lile tundu la sakafuni bado ipo. Nimeliziba kwa kipande cha mninga.

Nimekaa nje mpaka mgongo unagusa maji, na bado inalala.

Basi tanga lina nguvu kuliko uzito wako, na hakuna aibu katika hilo. Nguvu ya upepo haipandi pole pole: upepo ukiongezeka maradufu, msukumo unakuwa mara nne. Ndiyo maana saa nne asubuhi ulikuwa bingwa, na saa nane mchana unaning'inia kama popo.

Kwanza tanga kuu libapishe. Kaza kamba ya ukingo wa chini mpaka mikunjo ya huko iishe, kaza ya ukingo wa mbele, na vuta kamba inayouzuia mti wa chini ya tanga usinyanyuke. Tanga lenye tumbo kubwa linavuta sana. Baya zaidi, upepo ukizidi lile tumbo husogea nyuma, na ukingo wa nyuma unajikunja kuelekea goshini kama mlango nusu wazi. Huo ndio unaogeuza mashua. Kukaza ukingo wa mbele kunarudisha tumbo mahali pake.

Ukimaliza hayo, cheza na demani. Mkupuo wa upepo ukija, legeza sentimita 20 au 30 kabla mashua haijalala, kisha rudisha. Wengi husubiri ilale kwanza, halafu wanalegeza, na hapo ubavu umeshakula maji na usukani umeshakuwa mzito. Usiifunge demani kwa fundo, hata kwa dakika moja, hata kama unataka kufungua chupa ya maji.

Ikishindikana, punguza tanga. Shusha kiasi, funga mikanda ya kupunguzia, endelea. Mashua iliyopunguzwa tanga ikaenda wima mara nyingi humpita mwenzake aliyetweka lote akalala.

Yangu ni kinyume: nikiachia kana inashuka, inakimbia na upepo.

Hiyo naichukia zaidi. Ukianguka majini, mashua inaondoka zake. Mkupuo ukikupiga, badala ya kupanda na kupunguza nguvu, inageuka kuupokea wote.

Ubao wa kati unaozunguka kwenye pini huwa umepandishwa mno: ukiuinua unarudi nyuma, na mahali maji yanapobana panarudi nao. Au tanga la mbele limevutwa mpaka limekuwa ubao huku tanga kuu likining'inia legelege. Au mlingoti umeegemea mbele. Au, kwenye upepo mdogo, umekaa goshini kwa mazoea na mashua imelalia upande wako. Shusha ubao wote, vuta tanga kuu, legeza la mbele, kaa katikati. Bado ikishuka, ndipo uurudishe mlingoti nyuma.

Kwa hiyo mlingoti nao unaweza kurekebishwa? Na mbona wa jahazi umeinama mbele?

Unaweza, lakini uje mwisho. Fikiria msumeno baada ya kufikiria kila kitu kingine. Mimi ni shahidi.

Mlingoti ukiegemea nyuma, eneo la matanga linarudi nyuma, mashua inapanda zaidi. Ukiusogeza mbele, inapungua. Kwa mashua yenye waya za kushikilia mlingoti, pandisha futi kamba kwa henza, ile kamba ya kutwekea tanga, mpaka kileleni, vuta ncha yake hadi juu ya ubao wa tezi katikati, andika namba. Badilisha sentimita 2 tu kwa kurefusha au kufupisha waya wa mbele, ukafidie waya za pembeni, kisha nenda majini nusu saa. Andika tena. Anayebadilisha vitu vitatu kwa siku moja hatajua kipi kilimsaidia.

Mlingoti wa jahazi umeinama mbele kwa sababu ya tanga lake. Foromali, ule mti mrefu wa mshazari unaotwekwa mlingotini, hubeba tanga la pembetatu ambalo sehemu kubwa yake iko nyuma ya mlingoti. Mlingoti ukisimama wima, nguvu ingekuwa nyuma mno na nahodha angehitaji watu wanne kwenye kana. Mafundi wa pwani walilijua hilo bila rula ya mtoto.

Ubao wa kati niushushe kiasi gani?

Kubisha: wote. Upepo ukitoka ubavuni, matanga kati kama tunavyosema kwetu: nusu. Ukienda tanga mbele, upepo mgongoni: acha robo, ili mashua isiyumbe na isijipindue kwa mzaha. Upepo mkali wa kubisha na usukani mzito: inua kidogo, kama sehemu moja ya kumi, ikiwa ni ule wa kuzunguka kwenye pini. Ule unaopanda na kushuka wima kama droo hausogei nyuma, kwa hiyo usitarajie makubwa.

Vile vinyuzi kwenye tanga ni urembo?

Ni macho. Upepo huuoni, uzi unauona. Nyuzi za sufu za kufumia masweta zinafaa, ila zikilowa zinanata kwenye tanga. Mimi natumia utepe wa kaseti za zamani. Kila nyumba ya Moshi ina kaseti za kwaya zisizo na redio ya kuzipigia. Kata vipande vya sentimita 15, bandika kwenye tanga la mbele, sentimita 20 hadi 30 kutoka ukingo wa mbele, pande zote mbili, katika vimo vitatu.

Ukiwa unabisha, vyote vikilala nyuma kwa utulivu uko sawa. Cha goshini kikirukaruka, umepanda mno au tanga limelegea: shusha omo kidogo, au vuta demani. Cha demanini kikirukaruka, ambacho unakiona kivuli tu kupitia kitambaa, umeshuka mno au umevuta kupita kiasi: panda, au legeza. Hiki cha pili ndicho wengi hawakitazami, kwa sababu tanga lililovutwa kupita kiasi linapendeza, halina mkunjo, halipigi kelele. Limekufa tu.

Cha juu kikiruka kabla ya cha chini, tanga limejisokota mno huko juu. Sogeza mbele sehemu ya kupitishia demani. Kikichelewa, irudishe nyuma.

Kwenye tanga kuu, bandika tepe kwenye ukingo wa nyuma, hasa mwisho wa kijiti cha juu kati ya vile vinavyolikaza tanga. Vuta demani mpaka tepe hiyo inajificha nyuma ya tanga karibu nusu ya muda. Isipojificha kamwe, una nafasi ya kuvuta zaidi. Ikijificha daima, umeminya.

Sina vinyuzi, sina tanga la mbele, nina tanga moja tu. Nijuaje demani iko sawa?

Legeza mpaka ukingo wa mbele uanze kutetemeka karibu na mlingoti. Vuta mpaka uache. Hapo hapo. Rudia kila baada ya dakika mbili, maana upepo haukai.

Huku juu hewa ni nyepesi. Nishone tanga kubwa kuliko la watu wa Tanga?

Swali zuri, nalipenda kuliko yote. Kwa hesabu ya hewa ya kawaida, Nyumba ya Mungu, kama mita 700 juu ya bahari, hewa ni nyepesi kwa takriban asilimia 6 au 7 kuliko ufukweni. Ziwa Duluti pale Tengeru, karibu mita 1,290, ni kama asilimia 12. Msukumo wa tanga unapungua kwa kiasi hichohicho. Lakini kwa kuwa msukumo unakua kwa mraba wa kasi, upepo wa kilomita 20 kwa saa Tanga unalingana na wa kilomita 21 na kidogo Duluti. Hutausikia usoni. Shona tanga kwa kufuata upepo wa maji yako, usifuate mlima.

Duluti, Nyumba ya Mungu, Chala: wapi pa kujifunzia?

Kwa kusawazisha usukani, Nyumba ya Mungu. Bwawa lilijengwa miaka ya 1960 pale Kikuletwa na Ruvu zinapokutana, ni pana, nyika pande zote, na upepo wa kusi ukiamka mchana unakuja umenyooka. Huwezi kupima kitu kama upepo unabadilika kila hatua. Ila angalia vyelezo vya nyavu za perege: ubao wa kati ukinasa wavu wa mtu, umemharibia riziki, na utamlipa. Waulize wavuvi pia kuhusu mamba na viboko kabla hujaamua kupinduka kwa mazoezi.

Duluti ni ziwa dogo la kreta lenye msitu ukingoni. Upepo unaruka juu ya miti, unadondoka vipande vipande, unatoka kushoto halafu kulia. Kwa kujifunza vinyuzi na mkono mwepesi ni darasa zuri, mradi uombe kibali kwa wasimamizi wa msitu. Chala sikupeleki. Kuta ni ndefu, upepo unaporomoka kutoka ukingoni bila taarifa, na mpaka wa Kenya unapita katikati ya maji.

Tanga la turubai linafaa?

Linafaa kuanzia. Tatizo lake ni kwamba turubai hunyumbulika vibaya na kwa kawaida watu hulikata kingo zikiwa zimenyooka, kwa hiyo halina tumbo la maana. Likishatumika miezi michache tumbo linajitengeneza lenyewe, nyuma, mahali pasipotakiwa, na mashua inaanza kupanda ovyo. Ukikata, acha ukingo wa mbele na wa chini ubinuke nje kidogo kama upinde. Kitambaa hicho cha ziada ndicho kinachokuwa tumbo. Shona kingo kwa utepe usionyumbulika, ule wa mikanda ya begi.

Mwanangu ana Optimist, ile mashua ndogo ya watoto. Haya yote yanamhusu?

Ya kukaa wima na ya bapa la usukani, ndiyo. Tanga lake lina ule mti unaokwenda mshazari hadi pembe ya juu ya nyuma. Mkunjo ukitoka juu ya mlingoti kwenda pembe ya chini ya nyuma, mti umelegea, ukaze. Ukitoka pembe ya juu ya nyuma kwenda chini ya mlingoti, umekazwa mno. Mwache afanye mwenyewe. Wewe shika kamba ya ufukweni na nyamaza.

Unaweza kuja kuiangalia yangu?

Jumamosi nyingi nipo Lang'ata kuanzia saa tatu, kabla upepo haujaamka. Njoo na futi kamba, solotepu nyekundu, kaseti moja usiyoipenda, na jaketi la kuokolea lenye saizi yako, si la mtoto. Msumeno uache nyumbani.